Zamu ya Tepozán

San Cipriano Yalaguí,
Jumatano, 9 Oktoba

Kaka yangu mpendwa Taurino,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, mgongo umetulia, na msimamizi wenu amewapa zile glavu alizowaahidi kabla ukataji wa miti ya Krismasi haujaanza. Nisalimie Celsa na watoto. Mwambie yule mdogo kwamba nimeliona pengo lake kwenye picha, na limempendeza kuliko meno yenyewe.

Sisi huku hatujambo. Mvua zimekatika mapema, kahawa ya bondeni imeanza kuiva, na goti la Baba humuuma asubuhi tu; likishapata jua hulisahau, akapanda mlima kama mtu asiye na miaka sabini na minne. Bado hataki kusikia habari ya kuhamia kwangu. Anasema kule kwake Tepozán kuna hewa, na kwamba huku chini watu wanapumua pumzi za wenzao.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati Jumapili tu tumezungumza. Barua hii naituma kwa mkono wa Mama Domitila, anayepeleka vifurushi huko kaskazini kila mwezi. Ndani ya boksi utakuta pilipili za moshi, chokoleti ya kukoroga, na zile tortilla kubwa kavu za mahindi, kama hazijageuka unga njiani. Nimechagua karatasi kwa sababu kuna jambo ambalo kila nikitaka kulisema kwa simu naishia kukuuliza kama kwenu kuna baridi. Nivumilie nianzie mbali. Nikianzia mwisho utaichana barua kabla hujaelewa.

Unakumbuka Januari, mkutano wa kijiji ulinichagua kuwa mtunzaji wa mtandao. Ni utumishi wa mwaka mmoja bila malipo, kama wewe ulivyotumikia uaskari wa kijiji ukiwa na miaka kumi na minane. Lakini wewe ulipewa rungu na watu wakakucheka kwa upendo. Mimi nilichekwa vingine. Sisi wanawake tulikuwa tukipewa jiko la sikukuu na maua ya kanisani, basi. Don Wilfrido alisimama mbele ya watu wote akasema kuanzia sasa mtandao utanuka vitunguu. Nilicheka pamoja nao, ila nilikwenda nalo nyumbani lile neno. Wiki mbili baadaye tukamzika Mama, nawe hukuweza kuja. Baba akakwambia siku ile kwenye simu yangu, mbele ya watu, kwamba angependa dola pungufu na bega moja zaidi chini ya jeneza. Sikuwa na nguvu ya kumnyang'anya simu. Nakumbuka ulikata simu.

Mwezi wa pili nikaanza kazi kwa hasira ya mtu mwenye msiba. Sikiliza mambo yalivyo, maana ndiyo mzizi wa yote. Mnara wetu uko juu ya kilima nyuma ya kanisa. Mtandao unaufikia kutoka bondeni kwa njia moja nyembamba, na nyumba sitini na nne zinagawana. Ujumbe wako haufiki nyumbani mzima kama gunia. Hukatwakatwa vipande vidogo, mafundi huviita pakiti, na antena huvirusha kimoja kimoja, kwa nyumba hii, kisha ile, mara maelfu kwa dakika. Haiwezi kusema na nyumba zote kwa pamoja. Kwa hiyo ndani ya kisanduku chake mna kanuni inayoamua kila wakati: sasa zamu ya nani?

Kanuni niliyoikuta, aliyoiacha yule mchomelea vyuma aliyenitangulia, ilikuwa ya haki kabisa. Kila nyumba kipande kimoja, kwa mstari, mpaka wa mwisho, kisha kuanza upya. Na kijiji kizima kilikuwa kikiilaani. Maana kule Tepozán, ng'ambo ya korongo, nyumba zile kumi na moja zinasikika kwa taabu. Kipande ambacho nyumba ya jirani ya kanisa inakipokea kwa kupepesa jicho, Tepozán inakipokea polepole, kwa kurudiarudia, kama mtu anayeitwa kutoka mlima mwingine. Na wakati huo wengine wote wanangoja. Ni kama kwenye mashine ya kusaga, siku ambayo Eufrosina analeta mahindi hayajaiva vizuri: yeye anasagiwa, ndiyo, lakini foleni nzima inalala njaa.

Nikasoma kitabu cha kisanduku, nikakuta kuna kanuni nyingine. Mhudumie kwanza yule anayesikika vizuri zaidi sasa hivi. Kubadilisha ilikuwa mstari mmoja tu wa maandishi. Jumapili iliyofuata, saa kumi na moja jioni, ile saa ambayo kila mtu hapa anaongea na wake walio kaskazini, mtandao uliruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Vipande vilivyopita kwenye mnara vilikaribia mara mbili ya zamani. Watu waliniletea mkate wa yai. Don Wilfrido mwenyewe alikuja na trei ya mayai, akasimama mlangoni akiangalia viatu vyake, akasema kile kitunguu kimegeuka kuwa kitunguu cha maana. Mwenyekiti alisoma namba zangu mkutanoni, na vijiji vitatu vya jirani vikaomba kuja Aprili kujifunza kwetu. Kwetu, Taurino. Kwangu.

Watu wa Tepozán walikuja pia, lakini wao hawakuwa na mayai. Walisema ujumbe hauingii, kiduara kinazunguka tu kwenye simu mpaka betri inakufa. Niliwaambia ni ukungu. Walipokuja mara ya pili nikawaambia labda ni ile misonobari saba ya don Epifanio, iliyo kwenye mgongo wa kilima kati ya mnara na wao. Sikuwa nimepima chochote. Nilisema tu, kama mtu anavyosema labda mvua itanyesha. Lakini neno likiondoka mdomoni halirudi, na hili lilitembea kijiji kizima likaota miguu.

Sasa nikufikishe kwenye Agosti. Kwa simu nilikwambia tu kwamba Rutila, mke wa Amancio wa Tepozán, alijifungua kabla ya wakati na kwamba wote ni wazima. Sikukwambia ilivyokuwa. Ilikuwa Jumapili, kwenye saa ileile ya jioni. Uchungu ulimjia wiki tatu mapema, na damu ikaja pamoja nao. Amancio akamwandikia nesi Ofelia. Kiduara kikazunguka. Akapiga, simu haikushika. Akaandika tena. Alikaa na ile simu karibu saa nzima akiinyanyua juu kwenye kila jiwe la ua, kwa sababu kushuka mpaka zahanati ni mwendo wa saa moja na aliogopa kumwacha mkewe. Na nesi Ofelia wakati huohuo alikuwa amekaa zahanati, simu mkononi, akizungumza na dada yake aliye Puebla, sauti safi kama wamekaa benchi moja.

Mwisho Amancio na ndugu zake walimfunga Rutila kwenye kiti, wakakibeba mgongoni kwa mkanda wa paji la uso, kama tunavyobeba kuni, wakipokezana kushuka korongo na kupanda. Walipita mbele ya mlango wangu. Mimi nilikuwa mezani, kompyuta imefunguliwa, natazama namba. Zilikuwa nzuri kuliko za Jumapili zote tangu nianze. Niliinua kichwa nikamwona Rutila anapita, uso wake rangi ya majivu, na mama mkwe wake Hipólita anakimbia nyuma akiwa ameshika kiatu kimoja cha mgonjwa.

Gari la mwenyekiti liliwapeleka hospitali ya bondeni. Daktari alisema wangechelewa nusu saa nyingine asingekuwa na la kufanya. Mungu akasaidia. Mtoto ni wa kike, alikuwa mdogo kama njiwa, sasa ana mashavu.

Jioni ile, baada ya gari kuondoka, nilifungua orodha ya kisanduku nikatafuta nyumba ya Amancio. Foleni ya nyumba ikijaa bila kuhudumiwa, kisanduku hutupa vipande ili kupata nafasi. Niliviona vilivyotupwa saa ile. Vilikuwa vingi, kaka. Kila kimoja kilikuwa kipande cha mtu anayesema njooni.

Siku nane baadaye mkutano uliitishwa. Watu wa Tepozán walishuka wote, hata Baba na goti lake. Walisema kama hawana mtandao basi waondolewe wajibu wa kuutumikia, na waya walioutoa kwa ajili ya mnara urudishwe. Mtu akataja misonobari. Mwingine akadakia. Katika nusu saa ilikuwa imekwisha kuamuliwa kwamba itakatwa Jumamosi, na misumeno ikapata wenyewe. Unajua ile miti ya don Epifanio ilipandwa na marehemu mkewe Micaela, mmoja kwa kila mtoto aliyemzaa, na miwili ni ya wale ambao hawakukua. Mwenyekiti akamuuliza kama ana pingamizi. Mzee akasimama, kofia mkononi.

"Kama ni miti yangu iliyomzuia nesi, ikateni," alisema. "Sitaki kukaa kwenye kivuli chenye damu ya mtu."

Kisha akaketi. Nilikuwa nimejiandaa asikie uchungu, apige kelele, atukane, ningevumilia. Lakini kule kukubali kwake kulinitoa kwenye kiti. Nilijikuta nimenyoosha mkono. Nilisema msiikate. Nilisema misonobari haina kosa, kosa ni langu, na nikawaeleza ile kanuni kama nilivyokueleza wewe: kwamba niliambia antena imsikilize kwanza mwenye sauti kubwa, na kwamba saa ya watu wengi, wenye sauti kubwa hawaishi.

Hipólita ndiye aliyesema kwanza. Hakupaza sauti.

"Kwa hiyo sisi tulikuwa wapi kwenye hiyo foleni yako?"

Nikamwambia mwisho.

"Hata wa mwisho kuna wakati anafikiwa, mwanangu," alisema. "Sisi hatukuwa mwisho. Sisi hatukuwamo."

Sijawahi kusikia mtu akilieleza jambo lile vizuri zaidi, hata kwenye vitabu.

Baada ya hapo kila mtu akataka kusema. Tepozán walitaka kanuni ya zamani irudi usiku uleule. Don Wilfrido alisema anawahurumia sana, lakini yeye harudi kwenye ule mtandao wa konokono, kwamba mwanawe wa Chicago alikuwa akionekana kama picha ya marehemu, haongei wala hapepesi. Mtu wa Tepozán akamjibu kwamba afadhali yeye alikuwa na hata hiyo picha. Karibu washikane mashati. Mwenyekiti akanipa siku kumi na tano: nilete kanuni ambayo wote wataweza kuishi nayo, au mnara uzimwe mpaka ipatikane.

Nilimpigia Mwalimu Zoraida, aliyenifundisha chuo cha ufundi, nikamweleza yote huku nalia. Alikuja siku ya tatu nyuma ya gari la mbao, na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikunywa kahawa vikombe viwili kabla ya kusema chochote. Kisha akaniambia nilikuwa nimeruka kutoka kosa moja dogo kwenda kosa moja kubwa. Kanuni ya kwanza haikujali hali ya mtu. Ya pili ilijali hali tu na kumsahau mtu.

"Umekuwa ukiuliza nani anasikika kuliko wenzake," alisema. "Acha wenzake. Uliza nani sasa hivi anasikika vizuri kuliko kawaida yake mwenyewe."

Nilimwomba arudie, akarudia kwa kuchora nyuma ya kalenda. Kila nyumba ina kiasi ilichozoea kupata siku hizi za karibuni. Na mawimbi hayatulii: hata Tepozán, upepo ukigeuka au ukungu ukipungua, kuna nukta ambayo sauti inapanda juu ya hali yake ya kila siku. Basi antena iipe zamu nukta ileile. Nyumba iliyo karibu na kanisa nayo ingoje nukta yake nzuri. Haitakaa sana, lakini itangoja. Na nyumba ambayo haijapata kitu muda mrefu, kile kiasi chake cha mazoea kinashuka, kwa hiyo hata sauti ya wastani inatosha kuisogeza mbele. Hakuna anayepimwa kwa jirani yake. Hakuna anayesahaulika, kwa maana kule kusahauliwa ndiko kunakomrudisha mbele. Juu ya hayo tukaongeza kwamba ujumbe wa zahanati upite kabla ya kila kitu, kama gari la wagonjwa barabarani.

Tuliipima wiki nzima. Mwalimu alikaa chini na kompyuta, mimi nikapanda Tepozán nyumba kwa nyumba, nikituma na kupokea. Jumla ya vipande vilivyopita ilishuka kwa sehemu moja katika tano kutoka kwenye zile namba zangu za fahari, lakini ilibaki juu sana kuliko zamani. Jumapili ya majaribio don Wilfrido aliangalia mpira akiwa na karatasi na kalamu. Mkutanoni akatoa ushahidi kwamba picha ilikwama mara mbili, mara moja kwenye penalti, na kwamba ilimuuma lakini ameishi. Watu wakacheka, na nikajua tumepona. Hipólita alisimama akasema yeye ametumiwa picha ya mjukuu kutoka zahanati, imeingia kabla hajapata miwani yake.

Adhabu yangu ni kutumikia mwaka wa pili, na siku sita za kubeba mchanga wa kutengeneza njia ya Tepozán. Siku ya kwanza ya mchanga Rutila aliniletea maharage na akakaa nami nikila. Hakusema amenisamehe. Alinipa mtoto nimshike wakati yeye anafunga kanga yake, na alichukua muda mrefu kuifunga. Don Epifanio ananisalimu kama zamani, jambo ambalo linanitesa zaidi ya mchanga. Lakini nalala. Tangu Februari sikuwa nimelala hivi.

Haya yote, kaka, kijiji kinayajua. Sasa nakuja kwenye lile ambalo hawalijui.

Wewe ulidhani Baba amekukasirikia. Kila Jumapili baada ya maziko ulimtumia ujumbe wa sauti, saa ileile mliyozoea, kwa sababu unajua yeye huwasha simu Jumapili jioni tu ili betri yake ya jua isichoke. Ulinieleza kwamba katika ule wa kwanza ulimwomba radhi kwa kutokuja, ukamweleza kwamba ungevuka mpaka kuja kumzika Mama usingeweza kuvuka tena kurudi kwa watoto wako, na kwamba ulikaa kwenye gari siku nzima ya maziko umevaa shati jeupe. Hakukujibu. Ukatuma wa pili, wa tatu. Mwezi wa tano ukaacha. Na yeye kila Jumapili alikuwa akikaa kwenye gogo la mlangoni na simu gotini, anasubiri mwanawe aseme neno, asione ila kiduara. Alidhani wewe ndiye uliyekasirika kwa yale aliyokwambia.

Ulipompata Jumapili ile ya mwisho wa Septemba nilikuwa pembeni yake. Hukuweza kuona kwamba alivua kofia aliposikia sauti yako. Mlisemezana saa nzima. Wewe ukamwambia unamsamehe kwa kunyamaza, yeye akakwambia anakusamehe kwa kunyamaza. Mkalia, mkacheka, na zile jumbe hazikutajwa. Mlisameheana kosa ambalo hakuna kati yenu aliyelitenda.

Nami nilijua. Si tangu Agosti. Nilijua tangu Aprili.

Baba alishuka Aprili, Jumatatu ya wiki ambayo wageni wa vijiji vya jirani walikuwa waje. Alishuka kwa miguu, goti limevimba, akaketi jikoni kwangu, akaniuliza kama Taurino ni mgonjwa. Nilimwekea kahawa, nikaenda chumbani, nikafungua orodha, nikaangalia nyumba yake. Nikaona vipande vilivyotupwa, Jumapili baada ya Jumapili, vyote saa ile yenu. Nilielewa papo hapo ni nini. Simu yangu ilikuwa mezani, mawimbi yamejaa, ningekupigia na kumpa. Lakini mngezungumza, ungemwambia umetuma, angekwambia hakupata, na kufikia Alhamisi kila mtu angejua kwamba namba nzuri za Maclovia zinaliwa kutoka kwenye midomo ya Tepozán. Nikarudi jikoni nikamwambia Baba kwamba una kazi nyingi, msimu wa kupanda. Akasema ni kweli, miti haingoji. Akanywa kahawa akapanda tena mlima.

Na wewe uliponiuliza, nilikwambia bado ana uchungu, umpe muda. Nilikwambia hivyo mara tatu. Wageni walikuja, wakaona, wakanipigia makofi. Baada ya hapo kila wiki iliyopita ilifanya iwe vigumu zaidi kusema. Ningesema Aprili, Amancio angempata nesi Agosti. Hilo nimelisema kwa padri, na sasa nalisema kwako.

Baba nilimwambia Jumamosi iliyopita. Nilipanda nikamkuta anapukuchua maharage uani. Nilisimama mbele yake nikasema yote, mpaka ile kahawa. Mikono yake iliendelea na maharage. Nilingoja aniambie niondoke. Alipomaliza ganda lile aliloshika aliniuliza swali moja tu, kama ni kweli kwamba ulikuwa ukituma kila Jumapili, hata zile za mvua kubwa za mwanzo. Nikamwambia kila Jumapili mpaka Mei, zote kumi na tano, na kwamba za mwanzo hazipatikani tena.

"Kumbe alikuwa anaongea," alisema Baba. "Kumbe muda wote mwanangu alikuwa anaongea."

Akaweka bakuli chini, akajifuta uso kwa mkono wenye vumbi la maganda, na alikuwa anatabasamu, Taurino. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho. Alisema atanikasirikia baadaye, akipata nafasi. Kisha akasema kosa hili si lake peke yake kulisamehe, nusu ni lako, na jambo kama hili haliambiwi mtu kwenye simu akiwa kazini. Akaniambia niliandike kwa mkono, upate pa kukaa ulisome. Ndiyo maana umeshika karatasi hii.

Siku ya Wafu inakaribia. Baba ameanza kutafuta maua ya ile meza tutakayomwandalia marehemu Mama, na anataka wewe umwambie ni mkate gani aliupenda zaidi, maana tunabishana. Nisalimie tena Celsa na watoto. Nesi Ofelia, Mama Domitila na Mwalimu Zoraida wanakusalimu. Don Wilfrido naye, anayesema mkirudi mje na taarifa kamili za ligi. Mungu awalinde nyote, na akupe moyo mpana zaidi ya ninavyostahili.

Ukitaka kunigombeza, nigombeze kwa sauti, siku yoyote, saa yoyote. Ujumbe wako utafika.

Mdogo wako,
Maclovia